Kicheko Chetu Chamwangukia Nani?

Jioni moja hapa Likasi tuliwakuta vijana wameizunguka simu moja, wakitazama mchezo wa kuchekesha. Mwanamume alipita kwa madaha ya kike, akatukanwa, akapigwa makofi, akakimbia. Vijana walicheka hata machozi yakawatoka. Mmoja tu hakucheka, aliinamisha kichwa. Kesho yake tukasikia wenzake wakimwita kwa jina la yule wa mchezoni. Ndipo tulipojiuliza: je, michezo ya namna hii yaipunguza chuki juu ya watu wapendao wa jinsia yao, au yaikoleza?

Wako wasemao kwamba kejeli ni dawa, na hawasemi bure. Sisi wa Katanga twalijua kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo mwaka 1986 lilitunga mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Watu walicheka, na huku wakicheka waliyafikiri mambo ya watawala.

Tuitazame na sinema ya ng'ambo. Mwaka 2009 ilitolewa Brüno, ya mchekeshaji Mwingereza Sacha Baron Cohen. Alijifanya mtangazaji wa mitindo ya mavazi kutoka Austria, apendaye wanaume, akawaendea watu wengi wasiojua kwamba wanachezewa. Karibu na mwisho, katika jimbo la Arkansas huko Marekani, umati ulikuja kutazama mapigano. Wapiganaji wawili walipoanza kubusiana, watazamaji waliwaka hasira, wakatupa viti na bia ulingoni. Hapo kioo chamwonyesha mwenye chuki uso wake mwenyewe. Lakini kwa muda mwingi wa sinema hiyo kichekesho ni Brüno: mpumbavu, mwenye tamaa, asiye na haya. Mwenye kuchukia aweza kutoka akicheka, na chuki yake imeshiba. Hata chama cha GLAAD cha Marekani, kiwateteacho watu hao, kililaumu baadhi ya sehemu zake.

Karibu nasi zaidi, mwaka 2012, mjini Kampala ulichezwa mchezo wa jukwaani uitwao The River and the Mountain, wenye kuchekesha na kuhuzunisha pamoja. Wasimulia habari za kijana mfanya biashara aliyejulikana kuwa apenda wanaume, na mwishowe akauawa na wafanyakazi wake mwenyewe. Hapa kicheko hakikumwangukia mwenye kuuawa, bali wale waliomzunguka. Basi mtayarishaji wake, Mwingereza David Cecil, alikamatwa mwezi wa Septemba. Mashtaka yalifutwa Januari 2013, na mwezi uliofuata akafukuzwa nchini. Angalieni, wasomaji: mchezo uliowaonya wenye nguvu uliadhibiwa, michezo impigayo makofi mnyonge yapita kila siku simuni, wala hakuna aulizaye.

Kwa hiyo twaona kwamba kejeli si njema wala mbaya kwa yenyewe. Yafanana na panga: swali ni limeelekezwa kwa nani. Ikimvua mwonevu kiburi chake, yafundisha. Ikimvua mnyonge utu wake, yaua polepole. Wazee walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Sheria ya Kongo yetu haimwadhibu mtu kwa sababu hii. Ya Uganda, tangu mwaka 2023, yafika hata kifungo cha maisha, na mara nyingine kifo. Kanisa lafundisha kwamba matendo hayo si halali, lakini Katekisimu, katika namba 2358, yaagiza watu hao wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, wasibaguliwe bila haki. Naye marehemu Papa Fransisko, katika Januari 2023, siku chache kabla ya kufika Kinshasa, alisema wazi kwamba kuwa hivyo si kosa la jinai. Hakuna mahali tulipoambiwa tuwacheke.

Enyi wazazi, hamtaweza kuzifunga simu zote. Lakini mwanenu akicheka, ketini karibu naye, mkamwulize: “Huyo apigwaye angekuwa ndugu yako, ungecheka hivyo?” Nanyi wanafunzi, jioni mkikusanyika, mtazameni yule asiyecheka. Huenda anangoja kujua kama bado yu mwenzenu.