Hakuna Paka Mkaidi

Neno ninalolichukia kuliko yote mwaka huu ni "mkaidi". Nimelisikia hapa Kiloleli kwa wiki sita, likitupiwa kiumbe kisichofika hata kilo mbili. "Paka huyu mkaidi. Mmemwekea mchanga, yeye anakwenda kunya chini ya kitanda." Baada ya hukumu hufuata dawa, na kila mtu anatoa ileile: mkamate shingoni, msugulie pua kwenye uchafu wake, mzabe vibao viwili, mtupe nje. Mjomba alinielekeza hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda stendi.

Dawa hiyo haitibu, inaongeza ugonjwa, na mahali kama petu inaweza kuleta maafa makubwa kuliko harufu ya mkojo. Nitafika huko.

Paka mwenyewe ni jike, mweusi, mwenye sikio lililokatika ncha. Aliokotwa mnadani ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo. Bibi, ambaye kwake ndiko ninakoandikia tasnifu yangu ya uzamili, alimwita Mgeni. Jina zuri, ila kwetu mgeni ana ratiba: siku mbili anakula, ya tatu anapewa jembe. Siku ya tatu Mgeni alikuwa bado amejibana nyuma ya magunia stoo, anakula usiku tu, akisikia kikohozi anaganda. Ndipo watu wakaanza kudai kazi. Hakamati panya? Hajui choo? Mkaidi.

Waulize wanaomwita hivyo kama wanajua alikotoka. Mwaka 2007 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya mamia ya paka na kuona kwamba paka wote wa majumbani, kuanzia wa Tokyo hadi wa Bariadi, ukoo wao unarudi kwa paka pori wa jamii inayoishi Afrika na Mashariki ya Kati. Ndiye kimburu. Serengeti wapo, na Serengeti ni jirani yetu. Kimburu anawinda panya, lakini naye anawindwa. Mnyama wa aina hiyo akiogopa hujificha, na kufukia kinyesi kwenye udongo mlaini ni kitu alichozaliwa nacho. Kwa hiyo jembe analo tayari, kwenye kucha. Hahitaji kufundishwa kuchimba. Anachohitaji ni mahali anapoweza kuinama kwa dakika moja bila kuamini kwamba atauawa.

Hapo ndipo penye kazi, nayo si ya gharama. Nilichukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, nikalipasua ubavu, nikaacha upande mmoja uwe mfupi ili aingie bila kuruka. Ndani nikatia mchanga uliobaki kwenye ujenzi wa kisima, kina cha vidole vitatu, bila kuchanganya majivu, maana majivu yakilowa huunguza nyayo. Dumu likakaa kona moja ya stoo na chakula kona ya pili, kwa sababu paka hapendi kujisaidia anapokula, kama wewe usivyopenda. Boksi la sabuni likalazwa ubavu na kutandikwa kanga kuukuu. Mlango ukafungwa. Stoo tu, si nyumba nzima. Nyumba nzima kwa paka mwoga ni pori lisilo na ramani.

Boksi si mapambo. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 2014 waliwagawa paka wapya wa kituo cha kuhifadhia wanyama: baadhi wakapewa maboksi ya kujificha, wengine hawakupewa. Waliopewa walitulia mapema zaidi. Sisi tunafanya kinyume. Tunamvuta mkia atoke, "azoee watu".

Alipokosea sikumgusa. Uchafu niliuokota nikauweka juu ya mchanga wa dumu ili pua yake ielewe, na sakafu nikaiosha kwa maji na sabuni ya unga mpaka harufu ikaisha kabisa. Kila asubuhi nachota dumuni. Hilo la kila siku lina sababu zaidi ya usafi: vimelea vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mimba, huhitaji angalau siku moja nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kinachotolewa kila siku hakivipi nafasi hiyo. Mjamzito asichote, achote mwingine.

Sasa tulinganishe na kibao. Paka aliyezabwa hajifunzi kwamba chini ya kitanda si chooni. Anajifunza kwamba wewe ni hatari, na kwamba akijisaidia asionekane. Kesho utaukuta nyuma ya kabati, kesho kutwa ndani ya gunia la mpunga. Wengine hubana mkojo, na hofu yenyewe huchangia maradhi ya kibofu. Dume anayejikamua bila tone kutoka anaweza kufa ndani ya siku chache. Halafu atazikwa na sifa yake ya ukaidi.

Nimeambiwa, tena na wasomi wenzangu, kwamba choo cha paka ni mambo ya Wazungu. Paka wa Kisukuma anajisaidia shambani, basi. Ningekubali haraka kama tungekuwa tunazungumzia paka mzima aliyezaliwa hapa, anayejua kila ua na kila mbwa. Lakini mtoe nje usiku paka mwoga, mweusi, asiyejua njia ya kurudi. Atapanda bati la jirani na kulia mpaka alfajiri. Asubuhi hakuna atakayeuliza paka ana shida gani. Watauliza ni wa nani. Na jibu litakuwa: wa yule bibi kizee.

Anayesoma hii akiwa Dar es Salaam anaweza kucheka. Huku hatucheki. Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho yamekuwa mekundu kwa miaka arobaini ya kupuliza moto wa samadi na vijiti vya pamba, katika nchi yenye miti michache. Bibi yangu ana macho hayo. Wajomba zangu wanajua, ndiyo maana jambo hili halizungumzwi mezani. Wanasema tu, mtoe paka nje.

Yaani njia waliyoona ya kumlinda Bibi ni kumtupa paka usiku akalie juu ya mabati ya watu.

Kwangu ni fikra moja katika nyumba mbili. Kikongwe ana macho mekundu: mbaya, mpigeni. Paka kanya chini ya kitanda: mbaya, mpigeni. Moshi hauulizwi, hofu haiulizwi. Hata dola iliwahi kuikimbilia fimbo hiyo. Miaka ya sabini, katika msako wa kukomesha mauaji hayohayo mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa hadi kufa mikononi mwa vyombo vya usalama, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi akajiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani. Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Ulikuja 2012, ukamegwa kutoka mikoa hiyohiyo miwili. Mauaji hayakuisha kwa mateso.

Kwa paka tuna hata sheria, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama. Sijamtajia Mjomba. Sheria ukimtajia Mjomba anakuuliza umesoma ili uje kumfunga?

Nilichomtajia ni kukonyeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwamba ukimtazama paka ukafumba macho polepole, naye hufumba, na huwa tayari zaidi kukusogelea. Mjomba alicheka hadi kofia ikaanguka. Bibi hakucheka. Jioni hukaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo akichambua choroko, macho yake yanayowasha yakifumba na kufumbua taratibu, hana haraka. Siku ya ishirini na mbili Mgeni alitoka kwenye boksi akalala hatua mbili kutoka kwenye kigoda hicho. Nilikuwa nimekaa stoo siku zote hizo na kompyuta yangu, kwangu hakuja. Dumu lilikuwa limeshatumika tangu siku ya tisa, na tangu ya kumi na nne hajakosea.

Mjomba bado anasema tunamdekeza. Juzi aliposema tena, Bibi alimjibu bila kuinua uso: "Wewe ulikojoa kitandani mpaka darasa la nne. Nani alikusugulia pua?"

Mwezi ujao narudi chuoni. Imebaki chanjo ya kichaa cha mbwa, na kumweleza atakayechota mchanga kwamba dumu lisihamishwe ghafla. Likibidi kusogea, lisogee hatua moja kwa siku. Usiku mlango wa stoo unafungwa. Bibi anaufunga mwenyewe, kisha anausukuma mara mbili kuhakikisha.