Dawa ya Deni ni Kulipa



Tangu mwaka 2020 tumewasikia mara nyingi wakuu wa makampuni wakisimulia jinsi walivyonusuru biashara zao wakati wa janga la UVIKO-19. Walipunguza gharama, wakasitisha maagizo, wakalinda fedha zao. Husifiwa kwa busara hiyo. Lakini mpenda haki hana budi kuuliza: gharama hizo zilipunguzwa kutoka mfukoni mwa nani?

Tuutazame mfano wa Bangladesh, nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake ya mauzo ya nje hutokana na nguo, na ambayo washonaji wake wengi ni wanawake. Mwanzoni mwa mwaka 2020 viwanda vya China vilifungwa, na vitambaa vikachelewa kuwafikia. Mwezi Machi likaja pigo la pili. Maduka ya Ulaya na Marekani yalifungwa, na wanunuzi wakaanza kufuta maagizo, hata ya nguo zilizokwisha kushonwa. Chama cha wenye viwanda kilikadiria kwamba maagizo yaliyofutwa au kusitishwa yalizidi thamani ya dola bilioni 3.

Ili tuuone uzito wa jambo hili, yafaa tuelewe utaratibu wa biashara hiyo. Kwa kawaida mnunuzi hatangulizi malipo. Mwenye kiwanda hukopa, hununua kitambaa, hulipa umeme na mishahara, hushona na kusafirisha. Ndipo mnunuzi hulipa, baada ya wiki kadhaa au miezi. Kwa maneno mengine, maskini humkopesha tajiri. Yule aitwaye mteja, kwa kweli ni mdaiwa.

Mtafiti Mark Anner, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, aliwauliza wenye viwanda mwezi huo huo wa Machi. Takriban asilimia 98 ya majibu yalionyesha kwamba mnunuzi alikataa kuchangia ujira wa wafanyakazi waliosimamishwa. Wakati huo wafanyakazi zaidi ya milioni moja walikuwa wamefukuzwa au kurudishwa nyumbani, wengi wao mikono mitupu.

Makampuni yalijitetea kwamba janga halikuletwa na mtu. Mengine yalishika kifungu cha mkataba kinachomsamehe mtu wajibu wake linapotokea jambo lililo nje ya uwezo wake, kama vita au tetemeko la ardhi. Ni kweli, ugonjwa haukuletwa na wafanyabiashara. Lakini nani abebe hasara, hilo liliamuliwa na watu, kwa kalamu, kabla mgonjwa wa kwanza hajakohoa. Aliyeandika masharti ni mwenye nguvu. Aliyeyapokea ni mwenye shida. Tena, duka kufungwa hakufuti kazi iliyokwisha kufanyika.

Yapo makampuni yaliyofilisika kweli mwaka ule, nayo tusiyahukumu sawa na mengine. Hata hivyo, mwishoni mwa Machi 2020 kampuni ya H&M ilitangaza kwamba italipia nguo zilizokwisha kutengenezwa, na nyingine zikafuata baada ya wafanyakazi na watetezi wao kupaza sauti. Basi kulipa kuliwezekana. Mwenye akiba aliyekataa alichagua kukataa.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alitufundisha kwamba mbali na mwajiri anayeandikiana mkataba na mfanyakazi, yupo mwajiri asiye wa moja kwa moja: wale wote ambao maamuzi yao huamua masharti ya kazi. Anayeagiza mashati elfu kutoka ng'ambo ya bahari ni mwajiri wa aina hiyo. Umbali haumwondolei wajibu.

Lakini tusinyooshe kidole ng'ambo tu. Nguo hizo zikichokwa huko, nyingine hutufikia sokoni kama mitumba. Nasi tumo katika mnyororo huo. Tena, ni arusi na sherehe ngapi ziliahirishwa kwetu mwaka 2020? Aliyeagiza sare za kwaya, kisha akafuta agizo fundi akiwa amekwisha kukata kitambaa, je, alimlipa? Aliyemrudisha mtumishi wa nyumbani kijijini kwa hofu ya maambukizi, alimkabidhi ujira wake wote, au nauli tu?

Kwa hiyo twadai mambo matatu, kwa makampuni makubwa na kwetu sisi wenyewe. Kwanza, kazi iliyokwisha kufanyika ilipwe, liwepo janga au lisiwepo. Pili, anayeagiza atangulize sehemu ya malipo, ili fundi asishone kwa mkopo. Tatu, makubaliano yataje mapema nani atabeba hasara, na mwenye mfuko mkubwa abebe zaidi. Hayo si sadaka. Ni haki.

Kila jumuiya ndogo ndogo ikikutana, ijiulize: kati yetu, nani anadaiwa na fundi, kibarua au mchuuzi tangu siku zile za ugonjwa? Akumbukwe kwa jina, alipwe. Janga jingine litakuja. Lisitukute tungali na madeni ya lile lililopita.