Mbwa wa mpakani hana pasi, tuwasaidie wanaomchanja

Kila mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia, Sirari au Mutukula anawajua mbwa wa mpakani. Mchana wanalala kwenye kivuli cha malori yaliyo kwenye foleni na kuzunguka machinjio na vibanda vya mama lishe. Usiku ndio wanaobweka mwizi anaposogelea maghala yetu. Hawana mwenyewe, lakini wanaishi kwa makombo yetu. Wengi walifika sokoni wakiwa wachanga, wametupwa ndani ya boksi.

Wapo watu walioamua kuwashughulikia. Nairobi kuna KSPCA na Kampala kuna USPCA, vyama vya hisani vinavyopokea mbwa na paka waliogongwa, waliopigwa au kutelekezwa. Wanawatibu, wanawachanja, wanawafunga uzazi na kuwatafutia makao. Nje ya vyama hivyo wapo watu wa kujitolea katika mitaa yetu ambao hawana hata ofisi, na dawa wananunua kwa fedha zao.

Mara nyingi tunawacheka. Tunawauliza: watu wana njaa, nyinyi mnahangaika na mbwa? Swali hilo ni halali na linastahili jibu. Huruma ni sehemu ya jibu, lakini mimi nitalijibu kwa hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu.

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Katika visa 99 kati ya 100 vya binadamu, mwambukizaji ni mbwa. Wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi.

Aliyeumwa anaweza kuokolewa, ila kwa gharama. Kwanza aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbie hospitali. Chanjo haimaliziki kwa sindano moja: huanza siku ile ile, ikarudiwa siku ya tatu, ya saba na kuendelea. Sasa fikiria mchuuzi wa dagaa aliyeumwa Jumatatu upande mmoja wa mpaka, na Alhamisi ana mzigo upande wa pili. Achague sindano au soko? Wapo wanaochagua soko, na wapo wanaomaliza mtaji wakitafuta dozi kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Baadhi ya halmashauri na kaunti hujibu kwa sumu au risasi. Njia hiyo imeshindwa. Ukiua mbwa wa soko, chakula kinabaki pale pale, na wengine wasiojulikana wanahamia kukifuata. Mbaya zaidi, unaua hata waliokwisha kuchanjwa, waliokuwa ngao yetu. Kinachofanya kazi kinajulikana: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, tena kwa kurudia kila mwaka, na ugonjwa unakosa njia ya kupita. Vijiji vinavyozunguka Serengeti vimeonyesha kwamba mbwa wakichanjwa kwa wingi, watu wanaoumwa na mbwa wenye kichaa wanapungua.

Hapo ndipo mpaka unapoleta taabu. Mbwa hana pasi wala hasimami kwenye kituo cha pamoja cha forodha. Upande mmoja ukichanja na mwingine ukilala, kazi yote ni kuteka maji kwa pakacha. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweza kumpa mama mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 cheti rahisi cha uasili kinachokubalika pande zote mbili. Basi haitashindwa kupanga wiki moja ya chanjo inayofanyika pande zote mbili kwa pamoja. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, nayo inatosha kuwa mwanzo. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa ifikapo mwaka 2030, na muda unayoyoma.

Serikali zitafanya zao, lakini sisi tusizisubiri. Mwenye duka anayefuga mbwa wa ulinzi amchanje kila mwaka na kuitunza kadi yake. Asiyetaka watoto wa mbwa amfunge uzazi jike wake, asije kuwatupa sokoni. Vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili viwape watu wa kujitolea vitu ambavyo tayari tunavyo: nafasi kwenye gari linaloelekea mpakani, boksi la barafu la kubebea chanjo, kivuli cha kufanyia kazi siku ya soko, na kipaza sauti cha kuwaita watu walete mbwa wao. Anayempiga mbwa mawe kwa burudani tumkemee, kwa sababu mbwa anayewaogopa watu hashikiki kwa urahisi siku ya chanjo.

Wanaowahudumia mbwa wa mpakani wanawalinda pia watoto wetu wanaocheza nyuma ya vibanda tunapouza. Wakija kuomba msaada sokoni kwako, usiwacheke. Waulize chanjo moja ni bei gani, kisha lipia hata mbwa mmoja.