Tumbo Linalonguruma Baada ya Chai ya Maziwa

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja hata mbele ya muuguzi. Ni lile tumbo linalojaa gesi, kunguruma na kusokota. Leo unaharisha, kesho choo ni kigumu kama cha mbuzi. Ukipimwa choo, hakuna amiba wala minyoo. Ukipimwa damu, hakuna kitu. Unarudi nyumbani na maumivu yako, na watu wanasema, "Huyu anajidekeza."

Hapo wengi huenda duka la dawa kununua Flagyl. Tumbo likitulia siku mbili, mama husema, "Kumbe ni amiba kweli." Likirudi, ananunua tena. Sisi wauguzi tunakutana na akina mama waliokwisha kumeza dawa hiyo mara nyingi bila kupimwa hata mara moja. Fedha zinakwisha, vijidudu vinazoea dawa, na tumbo liko pale pale. Basi kabla ya kumeza dozi nyingine, hebu tuangalie jinsi mwili unavyokivunjavunja chakula.

Vimeng'enya ni nini?

Chakula ni kama gogo la kuni. Haliwezi kuingia jikoni mpaka lipasuliwe. Mashoka ya kupasulia chakula ndiyo vimeng'enya. Kimoja kimo katika mate, nacho huanza kuvunja wanga. Ndiyo maana ukitafuna ugali kwa muda mrefu unasikia utamu. Tumboni kuna kingine cha kuvunja protini. Kongosho huleta vya wanga, vya mafuta na vya protini. Mwisho kabisa, kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, vimo vimeng'enya vya kukata sukari za aina mbalimbali. Kila kimoja kina kazi yake, na mara nyingi kisipokuwapo, mwenzake hawezi kushika nafasi yake yote.

Sukari isiyokatwa haiwezi kupita kuingia katika damu. Huvuta maji ndani ya utumbo, kisha huteremka hadi utumbo mpana. Huko wako bakteria wengi wanaoishi nasi siku zote. Wao huichachua kama togwa inavyochachuka kwenye mtungi, na gesi hutoka. Maji yale na gesi ile ndiyo mngurumo, msokoto na kuharisha.

Sukari ya maziwa

Maziwa yana sukari yake ya pekee, na kimeng'enya cha kuikata huitwa laktasi. Mtoto mchanga huzaliwa nacho kingi, kwa kuwa chakula chake ni maziwa. Baada ya kuacha ziwa, katika watu wengi kimeng'enya hiki hupungua kidogo kidogo. Hukadiriwa kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktasi kidogo. Kwa hiyo si ugonjwa wala aibu. Ndivyo miili ya watu wengi ilivyo.

Lakini zipo jamii ambazo watu wazima huendelea kuwa nacho. Mwaka 2007, mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko katika chembe za urithi yanayowawezesha wengine kutengeneza laktasi maisha yao yote. Mabadiliko hayo yalitofautiana na yale ya watu wa Ulaya, nayo yalienea pamoja na ufugaji wa ng'ombe. Ndiyo maana katika nyumba moja, mume aliyetoka katika ukoo wa wafugaji anaweza kunywa kibuyu kizima asisikie kitu, na mke akashikwa na tumbo kwa vikombe viwili. Hakuna anayejidekeza hapo.

Na maharage je?

Maharage yana sukari ambazo hakuna binadamu yeyote aliyezaliwa na kimeng'enya chake. Kwa hiyo gesi ya maharage ni ya kila mtu, isipokuwa wengine huumia zaidi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yapike kwa maji mapya. Sehemu ya sukari hizo huondoka na maji.

Utumbo msumbufu

Tuwe waangalifu, maana si kila tumbo linalonguruma limekosa kimeng'enya. Upo ugonjwa ambao madaktari huuita kwa herufi tatu, IBS, nasi hapa tutauita utumbo msumbufu. Katika ugonjwa huu tumbo huuma angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi kadhaa, na maumivu huandamana na kwenda choo au na mabadiliko ya choo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Utumbo hauna kidonda, lakini mawasiliano kati yake na ubongo yamevurugika. Gesi ambayo mwingine haisikii, huyu humuuma kweli kweli, na mawazo mengi humzidishia.

Mambo haya mawili hufanana, tena yanaweza kumpata mama mmoja kwa pamoja. Mwaka 2018 watafiti walionyesha pia kwamba baadhi ya wenye utumbo msumbufu wana kasoro ya urithi katika kimeng'enya kinachokata sukari ya kawaida na mabaki ya wanga. Hata hivyo, usikimbilie kununua vidonge vya "vimeng'enya vya kusaga chakula" vinavyouzwa kwa bei kubwa. Vidonge vya laktasi humsaidia asiyeweza maziwa. Vimeng'enya vya kongosho ni vya mtu ambaye kongosho lake haliwezi kutengeneza vya kutosha. Hakuna kidonge kimoja cha kumaliza kila tumbo.

Jinsi ya kujipima nyumbani

1. Kwa wiki moja andika katika daftari unachokula, saa, na jinsi tumbo lilivyokuwa.

2. Kwa wiki mbili zinazofuata acha maziwa, chai ya maziwa, maziwa ya unga na aiskrimu. Usibadilishe kitu kingine, la sivyo hutajua kipi kilisaidia.

3. Tumbo likitulia, kunywa tena maziwa kama zamani. Shida ikirudi, umepata jibu.

4. Kama wiki mbili zimepita na tumbo ni lile lile, maziwa hayana hatia. Yarudishe mezani, kisha uende ukaonane na daktari na daftari lako mkononi.

Ukigundua ni maziwa, huna haja ya kuyaacha kabisa. Wengi wenye laktasi kidogo huweza kikombe kimoja bila taabu, hasa wakinywa pamoja na chakula. Anza na nusu kikombe. Mtindi hauwasumbui wengi, kwani bakteria wake wamekwisha kuikata sehemu ya sukari. Na ukipunguza maziwa, kula dagaa pamoja na miiba yake, upate madini ya mifupa.

Angalizo kwa ajili ya watoto

Usimnyime mtoto maziwa kwa sababu wewe yanakusumbua. Mtoto mdogo bado ana laktasi yake. Akiharisha, ukuta wa utumbo unaweza kuumia na kimeng'enya kikapungua kwa muda, lakini endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na umpeleke zahanati.

Usijipime nyumbani ukiona haya

Choo chenye damu au cheusi kama lami. Kukonda bila sababu. Homa. Kuamshwa usiku na kuharisha. Upungufu wa damu. Shida iliyoanza baada ya umri wa miaka 50, au katika ukoo wenye saratani ya utumbo. Hizo si dalili za maziwa wala za utumbo msumbufu peke yake. Nenda hospitali mapema, wala usingoje wiki mbili.

Akina mama, sisi ndio tunaopika, na mara nyingi tunajua kila mtu nyumbani hali nini, isipokuwa nafsi zetu. Tunakunywa chai ile ile ya wote na kuvumilia. Kununua daftari ni rahisi kuliko dozi ya dawa usiyoihitaji. Anza kuandika kesho asubuhi, na mweleze mumeo kwa nini, asije akadhani umeikataa chai yake.