Mtandao Uanzie Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi si ajabu kukuta simu tatu au nne za kisasa na pengine kompyuta moja. Baba ana kifurushi chake cha intaneti, mama ana chake, na mwanafunzi wa kidato cha tatu naye hudunduliza senti ili apate chake. Jioni mwanafunzi huyo akitaka kumpa dada yake, aliyeketi chumba cha pili, kitabu cha fizikia chenye kurasa mia mbili alichokihifadhi katika simu, hukituma kwa njia ya intaneti. Faili hiyo hupanda kwa mawimbi mpaka kwenye mnara wa kampuni ya simu, aghalabu huvuka bahari mpaka kwenye kompyuta iliyoko Ulaya au Marekani, kisha hurudi mpaka nyumba ile ile ilikotoka. Safari ya maelfu ya kilomita imefanywa badala ya hatua kumi, na familia imeilipia mara mbili: mara ya kwanza katika kupeleka, na mara ya pili katika kupokea.

Upotevu huu hausababishwi na ukosefu wa vyombo, kwa kuwa vyombo vimo ndani. Husababishwa na dhana iliyoenea, kwamba mtandao na intaneti ni kitu kimoja, na kwamba pasipo intaneti kompyuta na simu haziwezi kusemezana. Dhana hiyo ni potofu, na inazigharimu nyumba na shule fedha nyingi kila mwezi. Shule yenye kompyuta kumi huzifungia chumbani zikapigwa na vumbi kwa sababu ya kukosa fedha za intaneti, hali zingeweza kufanya kazi pamoja tangu siku ya kwanza.

Mtandao si intaneti

Mtandao ni vyombo viwili au zaidi vilivyounganishwa ili vipashane habari. Intaneti ni mtandao wa mitandao, yaani maelfu kwa maelfu ya mitandao midogo iliyokubali kutumia kanuni moja ya mawasiliano. Kwa hiyo mtandao mdogo ndio tofali, na intaneti ndiyo nyumba.

Historia yenyewe yathibitisha jambo hili. Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kubuni njia ya kuunganisha kompyuta za jengo moja, ambayo Metcalfe aliipa jina la Ethernet. Haja yao haikuwa kuifikia dunia nzima. Walitaka kompyuta zilizo katika vyumba mbalimbali ziweze kutumia mashine moja ya kuchapia. Kanuni za TCP/IP, ambazo ndizo msingi wa intaneti ya leo, zilianza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983, miaka kumi baadaye. Basi kushirikiana chumba kwa chumba hakukungoja intaneti, wala hakuna sababu kungoje leo.

Vyombo na kazi zake

Chombo cha msingi katika mtandao wa nyumbani ni ruta. Kisanduku hiki kidogo hufanya kazi tatu: huviunganisha vyombo vya ndani, hukipa kila chombo anwani yake, na husimama mlangoni baina ya nyumba na intaneti. Kompyuta zisizohamahama ni vema ziunganishwe kwa waya. Waya wa mtandao una nyuzi nane za shaba zilizosokotwa katika jozi nne, na msokoto huo si pambo: huupunguzia waya bughudha za umeme kutoka nje na kutoka katika jozi jirani. Urefu wake usizidi meta 100. Simu na kompyuta mpakato hutumia mawimbi ya redio, aghalabu ya gigahezi 2.4 au 5.

Hapa mwalimu wa fizikia amepata somo la bure. Mwanafunzi akigawanya mwendo wa nuru, meta 300,000,000 kwa sekunde, kwa 2,400,000,000, atapata urefu wa wimbi wa sentimita 12.5. Akitembea na simu toka chumba hadi chumba ataona kwa macho yake jinsi ukuta wa zege unavyolidhoofisha wimbi na jinsi bati linavyolirudisha, na kwamba mawimbi ya gigahezi 5 hupenya ukuta kwa shida zaidi kuliko yale ya 2.4. Ndipo atakapojua kwa nini ruta yafaa kuwekwa juu na katikati ya nyumba, wala si kufichwa ndani ya kabati la sebuleni.

Anwani nazo zina hesabu yake. Katika mfumo wa IPv4 anwani ni biti 32, nazo hutoa idadi ya anwani 4,294,967,296 tu, ambazo hazitoshi kwa vyombo vyote vya dunia. Kwa sababu hiyo, mwaka 1996 kulithibitishwa mafungu ya anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, ambazo nyumba yoyote yaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa. Nyumba ya Tanga na nyumba ya Kisumu zaweza kuwa na chombo chenye anwani 192.168.1.5 na zisigongane kamwe, kama vile kila shule inavyoweza kuwa na Kidato cha Pili A. Chombo cha ndani kikitaka kutoka, ruta hubadilisha anwani yake kwa ile moja ya nje, hukumbuka ni nani aliyeomba, na jibu lirudipo humpelekea mwenyewe. Hivyo ndivyo familia nzima inavyotumia kifurushi kimoja.

Asiye na ruta naye asikate tamaa. Simu nyingi za kisasa zaweza kufanya kazi ya ruta ndogo, na simu nyingine zikajiunga nayo. Hata kifurushi kikiisha, vyombo vilivyojiunga bado huweza kupeana faili kwa programu za kugawana zisizotumia intaneti, wala haitozwi hata senti moja.

Hesabu ya darasa moja

Inafaa faida ipimwe kwa tarakimu. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, na kila mmoja ahitaji faili ya somo yenye megabaiti 50. Kila mmoja akiivuta mwenyewe kutoka intaneti, darasa litatumia megabaiti 2,000. Mwalimu akiivuta mara moja na kuiweka katika folda ya pamoja kwenye kompyuta moja ya shule, matumizi ya nje yatakuwa megabaiti 50, yaani sehemu moja ya arobaini. Ndani ya shule, waya wa megabiti 100 kwa sekunde waweza kuipitisha faili hiyo kwa muda wa sekunde 4 na ziada kidogo, kwani megabaiti 50 ni megabiti 400.

Folda ya pamoja haina budi kuwa na utaratibu. Wanafunzi wapewe ruhusa ya kusoma na kunakili, na kuandika au kufuta kubaki kwa mwalimu, isipokuwa katika folda maalumu ya kukusanyia kazi. Humo panaweza kuwekwa mitihani ya miaka iliyopita, picha za majaribio ya baiolojia, na hata kamusi elezo nzima: programu ya bure iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa 2007, huwezesha Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza 2003, kusomwa bila intaneti kabisa.

Faida ya hifadhi ya ndani ilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, wakati nyaya mbili zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu, na intaneti ikadorora katika Tanzania na nchi kadhaa za jirani. Hitilafu ya namna hiyo, itokeayo mbali chini ya bahari, haiwezi kuligusa folda lililo katika kompyuta ya ofisi ya mwalimu. Akiba ya ndani haiozi.

Hoja za wanaosita

Wapo wanaosema kwamba kazi hii ni ya mafundi, na kwamba wanafunzi wataharibu vyombo. Ni kweli kwamba mwanafunzi aweza kukosea. Lakini kosa katika mtandao mdogo aghalabu husahihishika kwa kuirudisha ruta katika hali yake ya kiwandani na kuanza upya, na mwanafunzi aliyekosea na kusahihisha amejifunza zaidi ya yule aliyekariri ubaoni. Kemia haifundishwi kwa kuifunga maabara.

Wengine huhofia usalama, na hofu yao ina msingi. Ruta inayobaki na neno la siri la kiwandani ni nyumba isiyo na kitasa. Neno hilo libadilishwe siku ya kwanza, liwe refu, na ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3, si ule wa zamani wa WEP ambao huvunjika upesi. Virusi navyo husafiri kwa folda za pamoja kama vinavyosafiri kwa vijiti vya kumbukumbu, hivyo programu za ulinzi zihuishwe. Tena kushirikiana kusiwe kisingizio cha wizi: kitabu kisichoruhusiwa kunakiliwa hakigeuki halali kwa kuwekwa katika folda ya shule.

Hoja ya tatu ni umeme. Ruta ya kawaida ya nyumbani hutumia wati chache tu, kiasi cha balbu moja ya kisasa, na paneli ndogo ya jua yenye betri yaweza kuimudu. Kompyuta ndiyo ilayo zaidi, lakini simu zenye betri zaweza kusoma kutoka kompyuta moja iliyowashwa.

Haisemwi hapa kwamba intaneti haina maana. Habari mpya, barua za mbali na utafiti unaochapishwa leo havipatikani katika folda la ndani, na kila shule inastahili kuunganishwa na dunia. Linalosemwa ni kwamba utaratibu umegeuzwa: watu hununua mlango kabla ya kujenga nyumba. Shule iliyokwisha jenga mtandao wake, siku itakapopata intaneti, itachomeka waya mmoja katika ruta na vyombo vyote vitafaidika mara moja. Shule isiyokuwa nao itaendelea kumuona mwalimu mmoja akitumia intaneti ofisini, na darasa likingoja nje.

Walimu wa sayansi na hisabati, pamoja na wanafunzi wao, ndio wanaofaa kuanza. Waanze na simu mbili na faili moja, kifurushi kikiwa kimezimwa makusudi. Faili itakapofika upande wa pili, mwanafunzi atakuwa ameelewa jambo ambalo matangazo ya vifurushi hayamwelezi: kwamba njia ya kutoka chumba hiki hadi kile ni mali yake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na mitandao midogo ndiyo iliyoijaza dunia.