Wababa Wanaongoja Sahani

Tuseme wazi jambo ambalo watu wengi wanalizunguka. Katika nyumba nyingi za Wakristu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, saa kumi na mbili ya jioni mama anarudi kutoka sokoni. Amekaa huko tangu asubuhi mbele ya meza yake ya nyanya au ya unga. Mgongoni ana mtoto, kichwani ana beseni. Baba yuko nyumbani, ameketi kitini. Watoto wadogo wanamlilia njaa. Naye anawajibu nini? «Ngojeni, mama yenu anakuja.»

Baba huyo si mtu mbaya. Kila Dominika anakuja Misa, na sadaka anatoa. Lakini ameitazama mbabula baridi kwa saa mbili bila kuiwasha, kwa sababu aliambiwa tangu utoto kwamba jiko ni la wanawake. Mimi nasema kwamba neno hilo halina heshima yo yote ndani yake, na linawadhuru watoto.

Watajibu: ni desturi ya wazee wetu. Desturi gani? Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji huu ulipoitwa Élisabethville, ni nani waliopika katika nyumba za Wazungu? Walikuwa wanaume. Mwanamume alimenya viazi, akakaanga samaki, akachuja supu, akaosha sahani na kuzipanga. Alivaa nguo nyeupe na kujivunia kazi yake, tena alikuwa na haki ya kujivunia. Jioni alirudi kwake, akaketi, akangoja bibi yake amletee bukari. Basi, mikono ya mwanamume inajua kushika mwiko. Iliushika kwa mshahara. Kwa watoto wake aliowazaa mwenyewe, mikono hiyo imepooza?

Tena wazee hao waliishi katika mpango mwingine. Union Minière iliwapa wafanyakazi wake posho ya chakula, na kampuni ya Serikali iliyoirithi mwaka 1967, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, iliendelea kugawa unga. Baba alileta gunia, mama alipika. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini kila mmoja alikuwa na upande wake. Katika miaka ya 1990 Gécamines iliporomoka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Tangu hapo, katika nyumba nyingi, unga unaletwa na mama. Angalieni basi: mama amechukua mzigo wa baba, na wa kwake hakuna aliyempokea. Huo ndio mnaouita desturi?

Msilete Maandiko Matakatifu kuwasaidia. Ibrahimu alipopokea wageni watatu kule Mamre alikuwa mzee mwenye mali na watumishi. Hata hivyo alikimbia mwenyewe kundini kuchagua ndama, Sara akakanda unga, mtumishi akatayarisha nyama. Nyumba nzima ilishughulikia chakula kimoja. Yakobo alipika dengu kwa mkono wake (alizitumia kwa ujanja, hilo ni shauri lingine). Na Bwana wetu, baada ya kufufuka, aliwangojea mitume ufukweni mwa ziwa akiwa amewasha moto wa makala, na samaki juu yake, na mkate. Ni baba gani wa parokia hii mwenye cheo kupita Yeye?

Lakini sisemi hayo kwa ajili ya haki ya mama peke yake. Mnajua kwashiorkor. Daktari Cicely Williams aliliandika jina hilo mwaka 1935, akalitoa katika lugha ya Waga wa nchi tunayoiita leo Ghana. Kwao ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Walikuwa wameona vema. Mtoto anaondolewa kifuani, anapewa bukari na mchuzi mwepesi, tumbo linajaa, na baada ya miezi miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, hachezi tena. Bukari alikula, samaki, maharage na karanga hakupata. Sasa jiulizeni: mama ana mtoto mchanga mikononi. Huyu mwingine wa miaka miwili, ni nani atakayemtwangia karanga na kumkorogea uji? Mtoto huyo hawezi kungoja mama apate nafasi. Nafasi ni baba.

Na wamama nao nina neno kwao. Wengine wanawafukuza watoto jikoni: watamwaga, watachelewesha kazi. Ni kweli, watachelewesha. Mtoto wa miaka mitano akichambua maharage, atatupa mazuri na kuacha mawe, nanyi mtachambua mara ya pili. Vumilieni. Mpeni lengalenga azioshe, mpeni ndagala azihesabu, mwacheni aonje chumvi. Wa miaka kumi atwange sombe, mvulana sawa na msichana, na aelezwe kwa nini majani yale yanatwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu: yana sumu, kama vile muhogo mchungu ulivyo na sumu usipolowekwa siku za kutosha. Kule Kwango watu wanaujua ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watoto na wamama wakati ambapo, kwa haraka au kwa njaa, siku za kuloweka zinapunguzwa. Maarifa haya hayapatikani kwa mtoto anayepewa franka kila jioni ili akanunue mikate ya mafuta barabarani.

Wengine watasema kwamba hawana cha kupika, sembuse kupika pamoja. Hao siwacheki. Lakini sizungumzi juu ya kuku na wali wa sikukuu. Ninazungumza juu ya unga uliopo, fungu la lengalenga, nyanya mbili, konzi ya karanga. Chakula hicho hakizidi bei kwa sababu baba amekigusa.

Jumamosi, ambayo wazee bado wanaiita siku ya posho, ianzeni. Baba awashe mbabula nje, si ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya makala inaua watu wamelala. Wadogo wakae mbali na mafuta ya moto. Wakubwa watwange, wadogo waoshe, baba asonge bukari mwenyewe. Ikiwa na mabonge, italiwa na mabonge yake. Mama atakapoingia na beseni lake, msimwulize kitu. Mpeni kiti.