Binti wa Karagwe na kazi ya boti za kifahari

Tangazo la kazi ya uhudumu kwenye boti za kifahari halichagui simu: linafika Kayanga na Nkwenda kama linavyofika Unguja. Kutandika, kupiga pasi, kuandaa meza. Haya mabinti wa Karagwe na Kyerwa wamefunzwa na mama zao. Si kazi ya aibu. Ila tuulize kabla ya kusaini.

Kwanza, usalama. Kagera haijaisahau MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996. Asipande mtu bila mafunzo ya usalama wa baharini ya STCW, yanayotolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam.

Pili, pesa. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi, na unampa mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku. Unahusu boti za biashara. Boti binafsi isiyokodishwa haimo. Anayedai “pesa ya nafasi” asiuziwe shamba la kahawa la baba.

Tatu, dini. Kumimina pombe mara nyingi ni sehemu ya kazi hiyo. Uliza wazi: pombe, mtandio, swala, chumba cha kulala unashiriki na nani? Wakikwepa kujibu, hilo ndilo jibu.

Nawe bibi harusi mtarajiwa, yaseme haya kwa mchumba kabla ya nikaha. Miezi ya baharini ni mirefu.

Hatumzuii binti. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, lakini mkataba tunausoma wenyewe.